Ishara ya usalama wa dawa: maana yake kwa mjamzito

Ishara ya usalama ni taarifa kwamba huenda dawa fulani inahusiana na dhara fulani. Ina uzito wa kutosha kufuatiliwa, lakini haitoshi kutoa hukumu. Dalili ya mvua ni mawingu, sawa, ila si kila wingu hunyesha, na kwa mjamzito kuacha dawa nako kuna hatari zake.

Mfano tulioushuhudia Uganda ni dolutegravir, dawa ya VVU iliyomo katika kile kidonge kimoja cha kila siku. Mei 2018, watafiti waliokuwa wakifuatilia uzazi hospitalini Botswana waliripoti kwamba kati ya wanawake 426 walioshika mimba wakiwa tayari wanaitumia, 4 walizaa watoto wenye kasoro ya mfereji wa neva, kasoro za jamii ya mgongo wazi. Hiyo ni kama 9 kwa kila 1,000, ilhali kwa dawa nyingine za VVU ilikuwa kama 1.

Inatisha. Lakini chukua kalamu: angepungua mtoto mmoja tu, 9 ingekuwa 7. Hesabu ndogo huyumba hivyo, ndiyo maana watafiti waliendelea kuhesabu. Mwaka 2019 wanawake walikuwa wamefika 1,683 na kiwango kimeshuka hadi 3 kwa 1,000. Baadaye tofauti ikafifia kabisa.

Huku nyuma, nchi kadhaa, Uganda ikiwamo, zilisita kuwapa dawa hiyo wanawake wa umri wa kuzaa. Tahadhari ilikuwa halali. Kwa maoni yangu, kosa lilikuwa kuwaamulia wanawake bila kuwauliza, na wanawake wa Afrika wanaoishi na VVU walilisema hilo waziwazi walipokutana Kigali Julai 2018: tupeni taarifa, tuchague wenyewe.

Jambo linalosahaulika ni wakati. Mfereji wa neva hufunga takribani siku ya 28 tangu mimba itunge, wengi wakiwa hata hawajajua kuwa ni wajawazito. Kwa hiyo swali la Botswana halikumhusu mama anayegunduliwa VVU tumbo likiwa la miezi saba. Huyo shida yake ni nyingine: siku zimebaki chache na kirusi lazima kishushwe kabla ya uchungu, mtoto asije akaambukizwa. Utafiti wa DolPHIN-2, uliofanyika Kampala na Cape Town, uliwachukua akina mama wa aina hiyo hasa, kuanzia wiki ya 28. Walipojifungua, asilimia 74 ya waliopewa dolutegravir walikuwa na kirusi chini ya nakala 50 kwa mililita ya damu. Kwa waliopewa efavirenz, dawa nyingine ya VVU, ilikuwa asilimia 43.

Julai 2019, Shirika la Afya Duniani likaipendekeza dolutegravir kuwa chaguo la kwanza kwa wote, wajawazito wakiwamo.

Ukiona jambo usilolielewa baada ya kumeza dawa, usiiache kimyakimya. Mwambie mkunga jina la dawa, ulianza lini na mimba ilikuwa ya wiki ngapi. Taarifa za namna hiyo hupelekwa NDA, mamlaka ya dawa ya Uganda. Ila ripoti za madhara peke yake hazitoi kiwango. Botswana waliweza kukipata kwa sababu daftari lao liliandika pia maelfu ya watoto waliozaliwa bila kasoro yoyote.