Je, wajua kwa nini risasi za anayejifunza bastola hutua chini kushoto?

Chukua karatasi ya shabaha ya mtu anayeanza kujifunza bastola kwa mkono wa kulia. Ungetarajia matundu yametapakaa kama mbegu za mchicha. Mara nyingi sivyo. Yamejikusanya pamoja, chini kushoto, kana kwamba alikuwa analenga hapohapo. Kukosea kwa mpangilio kiasi hicho nako ni kipaji.

Mimi nilikuwa nacho. Siku yangu ya kwanza kwenye uwanja wa shabaha hapa Dar es Salaam nilipiga risasi kumi kwa umbali wa mita 10, nane zikaenda hukohuko. Nikamwambia mwalimu bastola imepinda. Hakubishana. Aliichukua, akapiga tatu, zote katikati, akanirudishia. Nikahamia kwenye kisingizio cha pili, ambacho bado nakisikia kwa watu: ni teke, bastola inaporuka ndipo inaipeleka risasi pembeni.

Hoja hiyo ina kasoro mbili, na ya kwanza ningepaswa kuiona palepale. Teke la bastola huinua mtutu juu. Matundu yangu yalikuwa chini.

Ya pili ni ya muda. Mtutu wa bastola ya kawaida ya milimita 9 una urefu wa sentimita 10 hivi, na risasi hutoka mdomoni mwake kwa kasi ya takriban mita 350 kwa sekunde. Safari yake humo ndani haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mwili wako, ukisikia mlio, unahitaji angalau sehemu kadhaa za mia za sekunde ndipo misuli ijibu. Unaposhtuka, karatasi imeshatobolewa. (Nisitie chumvi: teke huanza risasi ikiwa bado ndani, na mtutu huinuka kidogo. Ndiyo maana, kwa bastola ileile, risasi nzito ya mwendo wa polepole mara nyingi hutua juu kuliko nyepesi ya kasi. Lakini ni juu, si chini.)

Anayeishusha ni mpigaji mwenyewe, kabla ya mlio.

Fikiria dumu la lita 20 pale mlangoni. Unaamini limejaa, kumbe mtoto ameshamwagia maji yote kwenye ndoo. Unalishika, unanyanyua, na mkono unaruka nalo hadi kifuani. Nguvu ile hukuipima baada ya kuligusa. Ubongo ulishaipanga ukiwa bado unainama, kwa kukumbuka uzito wa jana. Ndivyo ilivyo kwa bastola. Baada ya milio miwili mitatu, ubongo umelijua teke, na unaanza kulizuia mapema: kiganja kinakaza, kifundo kinasukuma mtutu chini, kidole kinanyakua triga badala ya kuivuta taratibu, na kwa mkono wa kulia hilo huusukuma mtutu kushoto. Dumu likiwa limejaa huoni kitu, kwa sababu nguvu na uzito vinakutana. Teke likitokea, nalo linaficha kila kitu.

Kwa hiyo mwalimu akanipa dumu tupu. Alijaza magazini, kile kisanduku cha risasi, nikiwa nimegeuka, akachanganya risasi halisi na za bandia zisizo na baruti. Ya tatu ililia "tak" tu, bila mlio, na mbele ya macho yangu mtutu ukazama kama nazi iliyokatwa. Sikuwa na la kujitetea.

Na haihitaji kuzama sana. Juu ya bastola kuna vilengeo viwili vya kulengea, na kati ya cha mbele na cha nyuma kuna sentimita 16 hivi. Cha mbele kikishuka milimita 1 tu, kwa mita 10 umekosea kwa sentimita 6.

Kuna mchoro maarufu wa duara uliokatwa vipande kama pizza, kila kipande na kosa lake. Msaada upo, ila uutumie kwa tahadhari: ni wa anayepiga kwa mkono wa kulia, na ulitokana na upigaji wa mkono mmoja. Wa kushoto augeuze. Tundu moja pekee halisemi kitu, tazama kundi.

Dawa haina maajabu: risasi za bandia zilizochanganywa, kinga ya masikio maradufu, maana mlio nao unachangia woga, na kuvuta triga ya bastola iliyohakikiwa tupu, mbele ya mwalimu, huku sarafu ya shilingi mia imelazwa juu ya mtutu isianguke.

Vijana walipomuona Mturuki Yusuf Dikeç kwenye Olimpiki ya Paris 2024, mkono mmoja mfukoni, walidhani siri ni mfuko. Bastola yake ilikuwa ya upepo, ambayo karibu haina teke. Dumu lake ni tupu siku zote, naye analijua.

Jumamosi iliyopita nilipata za bandia mbili kati ya kumi. Ya kwanza mtutu ulitulia. Ya pili ulizama kidogo, na nyuma yangu mwalimu akakohoa.