Fuko hafukuzwi kwa harufu

Nimeulizwa tena, safari hii na mama mmoja wa huku kwetu kwenye miteremko ya Mlima Meru: aweke nini shimoni ili fuko ahame? Ameshaweka naftalini, vitunguu saumu vilivyopondwa, samaki aliyeoza na mafuta ya nyonyo, na maua yake ya gladiola bado yanalala moja baada ya jingine. Naandika kirefu kwa sababu jibu langu fupi halimridhishi mtu. Hakuna cha kuweka.

Kwanza uhakikishe mharibifu ni fuko. Gladiola iliyosimama vizuri jana leo imenyauka, na udongo una unyevu wa kutosha. Shika majani, vuta kidogo: mmea wote unakuja mkononi bila ubishi. Kitunguu chake cha ardhini hakipo, au kimebaki kipande, na kwenye kipande hicho kuna mifuo miwili mipana iliyolala sambamba, kama imepitishwa patasi ndogo. Funza hali hivyo. Karibu na hapo pana kifusi cha udongo mbichi kisicho na tundu. Ukikuta tundu lililoachwa wazi, fikiria panya wa kawaida kwanza.

Sasa hiyo harufu. Fuko wa nyanda za juu, anayeitwa na wataalamu Tachyoryctes splendens, ana chumba kimoja chini ya ardhi. Humo ndimo analala, humo anaweka akiba ya chakula, na humohumo anajisaidia. Vinyesi na majani yanayooza vinampa joto. Mnyama wa namna hiyo utamhamisha kwa kipira cha naftalini? Moshi wa pilipili nao ni vilevile. Hewa ya kule chini ni nzito siku zote, oksijeni ni haba, na mwili wake umezoea.

Na akikutana na kitu asichokipenda, haondoki shambani. Anasukuma udongo, anaziba kipande kile cha njia, anatoboa kingine pembeni. Naftalini yako inabaki imezikwa peke yake. Siku kadhaa huoni kifusi kipya pale, basi unawatangazia majirani kwamba dawa imefanya kazi. Hapa ndipo ninapokosa uvumilivu, kwa sababu ulichokiona ni kweli kabisa, ila maana uliyoitoa siyo. Fuko yuko palepale, amebadilisha njia tu. Halafu jirani anakwenda kununua naftalini kwa sababu yako.

Mafuta ya nyonyo yana kisa chake. Ushauri huo umetoka Ulaya na Marekani, na unamhusu mnyama mwingine kabisa, yule Waingereza wanayemwita mole: mchimbaji mwenye viganja vipana vya mbele, anayekula minyoo ya udongo na wadudu. Huyo hataki vitunguu vyako, anachoharibu ni majani ya uwanjani kwa kuyainua. Wa kwetu ni wa jamii ya panya. Anachimba kwa meno ya mbele yaliyo nje ya midomo, midomo ikijifunga nyuma yake ili udongo usiingie kinywani, na chakula chake ni mizizi, viazi, vitunguu na majani. Mtu anafungua simu, anasoma habari za mnyama wa Uingereza, anakuja kumwaga mafuta huku kwetu Tengeru.

Tena msihesabu vifusi mkasema mna jeshi. Fuko wetu huishi peke yake, isipokuwa mama mwenye watoto. Vifusi kumi na tano kwenye kitalu kimoja vinaweza kuwa kazi ya mmoja tu. Wanaojulikana kwa kuishi kwa ukoo chini ya malkia ni fuko wasio na manyoya wa nchi kavu za kaskazini mwa Kenya, Ethiopia na Somalia.

Kinachomponza fuko wetu ni kwamba hawezi kuvumilia njia iliyo wazi. Chukua nondo nyembamba, dunga udongo kati ya vifusi viwili vibichi. Mahali nondo inapozama ghafla, njia ipo. Fungua hapo, safisha. Kama anaitumia, atarudi kuziba. Wategaji wa vijijini, wale wanaolipwa kwa idadi ya fuko, wanaijua tabia hii vizuri: kitanzi cha waya laini ndani ya njia, ufito uliopindwa juu, na uzi uliokatiza njia. Fuko akija na udongo wake anaukata uzi kwa meno, ufito unafyatuka. Mtegaji mzuri ana thamani kuliko duka zima la dawa.

Lakini njia zilizochimbwa tayari ni mali, na fuko wa jirani akizikuta tupu anaingia. Ndiyo maana siamini kwamba kutega peke yake kunamaliza tatizo. Kwa vitunguu vya maua mimi nategemea zaidi kikapu cha waya. Tumia ule wa matundu ya nusu inchi, wanaouita kofitrei madukani. Waya wa kuku ni mwembamba, kutu inaumaliza mapema. Chimba sentimita 30, tandika waya chini na pande zote, ukingo utokeze sentimita 10 juu ya ardhi, kwa sababu fuko huyu hutembea juu pia. Watu wanaacha kuweka sakafu ili kuokoa hela, na yeye anaingilia humohumo. Gladiola zinafaa sana kwa kikapu kwa kuwa unazing'oa kila msimu. Agapantha, ua jingine la bustani, sipendi kuifungia: mizizi yake inanenepa, inaumana na waya, siku ya kuigawa unaumia wewe na mmea.

Utupa, kile kichaka watu wanachopanda kumfukuza fuko, nitausema kwa tahadhari. Ni sumu ya samaki inayojulikana, na wakulima ninaowaheshimu wanasema fuko haukaribii. Mimi nimekuta njia mbichi imepita chini ya ua wa utupa uliostawi. Panda ukitaka, unarutubisha udongo, lakini siwezi kuuapia.

Vidonge vya kuhifadhia mahindi ghalani, vile vya fosfidi ya alumini, siwezi kunyamaza. Watu wanavitumbukiza kwenye njia za fuko hatua chache kutoka dirisha la watoto. Vikipata unyevu vinatoa gesi ya fosfini, gesi inapita kwenye nyufa za udongo hadi chini ya sakafu, na haina dawa ya kuizimua. Kama umeshaviweka karibu na nyumba, toa watu wote nje sasa hivi. Akitokea anayetapika, anayesikia kizunguzungu au kifua kubana, mpeleke hospitali, na mtaje kidonge kwa jina mlangoni, kabla hamjaulizwa.