Nyama ipo, usafiri haupo: jeshi la Washington pale Valley Forge

Sisi watu wa ugavi tukisikia jeshi limekufa njaa, huwa tunauliza chakula kilikwama wapi. Pale Valley Forge, Pennsylvania, ambako jeshi la George Washington lililopigania uhuru wa Marekani dhidi ya Uingereza lilipiga kambi majira ya baridi ya 1777–78, kilikwama karibu kila mahali.

Ngano na ng'ombe vilikuwepo. Lakini Waingereza walioishika Philadelphia, takriban kilomita 30 tu kutoka kambini, walilipa kwa dhahabu na fedha. Jeshi la mapinduzi lililipa kwa noti zinazoshuka thamani kila kukicha. Wakulima wengi wakaona bora wawauzie Waingereza. Na kilichonunuliwa nacho hakikufika salama: mwendesha mkokoteni akiona pipa la nyama ya chumvi linamlemea, anamwaga barabarani yale maji ya chumvi yanayoihifadhi. Mzigo unapungua, nyama inafika imeoza. Thomas Mifflin, aliyesimamia usafirishaji na vifaa, alikuwa ameshajiuzulu Novemba. Tarehe 23 Desemba Washington akaliandikia Bunge la makoloni yaliyoasi kwamba askari 2,898 hawafai kazi kwa kukosa viatu na nguo.

Malazi walijijengea wenyewe. Amri ilitaka vibanda vya magogo vya futi 14 kwa 16, askari 12 kila kimoja, nyufa zikandikwe udongo. Kikosi kilichojenga vizuri na haraka kupita wenzake katika rejimenti kiliahidiwa dola 12. Joto lilipatikana, hewa ikakosekana. Wengine walichimba sakafu chini ya usawa wa ardhi, unyevu ukapanda. Nje mizoga ya farasi ilikaa bila kuzikwa.

Hapa ndipo ninapowasihi wasomaji waangalie tarehe. Karibu watu 2,000 walifariki, na wengi wao walikufa Machi hadi Mei, baridi imepungua na chakula kimeanza kuja. Waliuawa na taifasi (homa inayoenezwa na chawa), homa ya matumbo na kuhara damu. Mwezi Mei Washington aliagiza udongo ule ule ubanduliwe ukutani ili upepo upite.

Chakula kilianza kuja kwa mpangilio baada ya Nathanael Greene kushika nafasi ya Mifflin, Machi 1778. Hakuitaka kazi hiyo. Alikuwa jenerali wa mapigano. Hata hivyo alitengeneza barabara na madaraja, akatafuta farasi na mikokoteni, akaweka maghala ya nafaka kwenye njia ambazo jeshi lingepita. Juni, Washington alipoondoka kuwafuata Waingereza kuelekea New Jersey, maghala hayo yalikuwa tayari.