Springi za shokapu za mbele: zipime kabla hujazibadilisha

Pikipiki nyingi zinazonunuliwa mkononi hapa Dodoma zimepitia mafundi kadhaa, na kila fundi ameacha chake ndani ya shokapu. Ukifungua unakuta springi ya kushoto imeizidi ya kulia urefu, au washa zimepangwa juu yake, au kipande cha bomba la maji ambacho mwenye pikipiki hakijui. Ndiyo maana sikubali kuambiwa "shokapu zimechoka, weka springi ngumu" wakati springi yenyewe hakuna aliyeitoa akaipima.

Kipimo cha kwanza hufanyika kabla ya kufungua chochote. Funga uzi wa mpira kwenye bomba la ndani, lile linalong'aa, ukalie juu ya mdomo wa sili, ule mpira unaozuia oili isivuje. Nyanyua pikipiki mpaka shokapu zinyooke zote, pima kutoka kwenye sili hadi kwenye kibanio cha chini cha usukani. Kisha shusha, dereva akae kama anavyokaa akiwa kazini, mtu mmoja ashike pikipiki isimame wima, na upime tena pale pale. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo kushuka kwa shokapu kwa uzito. Kwa matumizi ya barabarani nataka kushuka kuwe kati ya robo na theluthi ya mwendo wote wa shokapu, yaani umbali inaosafiri kutoka kunyooka hadi kubanwa yote. Kama mwendo ni milimita 120, basi 30 hadi 40. Ikishuka 55, dereva ameshamaliza karibu nusu ya shokapu kabla hajakutana na shimo hata moja. Uzi nao usiutoe: ukitoka kuzunguka njia za vumbi za Chamwino au Bahi, utakuonyesha shokapu ilifika wapi.

Sasa fungua. Gurudumu la mbele liwe hewani, pikipiki isiweze kuanguka. Legeza kwanza boliti inayolibana bomba pale juu, ndipo ulegeze kifuniko. Ukianza na kifuniko utaharibu nyuzi zake. Springi inasukuma kwa nguvu, kwa hiyo uso usiwe juu ya kifuniko, na mzunguko wa mwisho uukandamize kwa kiganja. Weka alama ipi ni ya kulia, ipi ya kushoto, na upande upi ulikuwa juu.

Watu wengi huamini springi ikizeeka inakuwa laini. Chuma chake hakilainiki kiasi hicho. Kinachopungua ni urefu: springi inajikunja kidogo na hairudi tena, mbele ya pikipiki inashuka, na dereva anahisi ulaini. Kwa hiyo weka springi zote mbili zimesimama mezani, uzilinganishe. Kama kitabu cha pikipiki kinatoa kikomo cha urefu na yako iko chini ya hapo, hakuna mjadala, zote mbili zinabadilishwa pamoja.

Ugumu wa springi unajulikana kwa vitu vitatu: unene wa waya, kipenyo, na idadi ya mizunguko inayofanya kazi. Unene upime kwa venia, kile kipimo cha taya mbili kinachosoma sehemu ndogo za milimita, si kwa rula, maana hapo ndipo pana siri yote. Kipenyo cha nje ukishakipata, toa unene wa waya mara moja ili ubaki na kipenyo cha kati. Mizunguko ihesabu yote, kisha toa ya mwisho iliyolala, kwa kawaida mmoja kila upande. Halafu hesabu ni hii, vipimo vyote vikiwa milimita. Juu: 8,050 × unene × unene × unene × unene. Chini: 8 × kipenyo cha kati × kipenyo cha kati × kipenyo cha kati × idadi ya mizunguko inayofanya kazi. Gawanya ya juu kwa ya chini. Jibu ni kilo kwa kila milimita.

Chukua waya wa milimita 4, kipenyo cha nje 25, mizunguko inayofanya kazi 50. Kipenyo cha kati ni 21. Inakuja kama kilo 0.56 kwa milimita. Ongeza waya uwe 4.2 na kipenyo cha nje kibaki 25: inapanda hadi 0.70, yaani robo nzima zaidi, kwa tofauti ya milimita 0.2 ambayo jicho halioni. Springi mbili zinazofanana dukani ukizishika mkononi zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa. Nenda na venia kwenye duka la spea, muuzaji akikushangaa mwache ashangae.

Kama hesabu inakuchosha, tumia mzani wa kusimamia na mashine ya kutobolea. Simamisha springi juu ya mzani, pitisha fimbo ndani yake isipinde, ikandamize kwa mashine milimita 20, soma kilo. Ongeza 20, soma tena. Ile ya 0.56 itaonyesha kama kilo 11, halafu 22. Ikiwa hatua ya pili inaongeza kilo nyingi kuliko ya kwanza, springi hiyo inakazana kadiri inavyobanwa. Utaiona hata kwa macho: upande mmoja mizunguko imesongamana. Kwa hiyo hesabu ya juu haifai, tegemea mzani.

Tuje kwenye marekebisho. Kipande cha bomba juu ya springi hakiongezi ugumu, hata kiwe kirefu namna gani. Kinainua mbele tu: sentimita moja ya bomba, sentimita moja ya kuinuka. Kama springi ni sahihi na urefu umepungua kidogo, hiyo ni tiba halali na ya bei nafuu. Lakini angalia springi isije ikafunga. Ile yetu ina mizunguko 52 kwa jumla, waya wa 4, kwa hiyo ikibanwa yote ina urefu wa milimita 208. Tuseme ikiwa huru ni 360, imebanwa 20 wakati wa kufungwa, na shokapu inasafiri 120: inabaki 220, salama. Ongeza bomba la 15 na inabaki 205. Mizunguko itagongana chuma kwa chuma kabla shokapu haijamaliza mwendo, na kishindo chote kitaenda kwenye usukani na mikono ya dereva. Fanya hesabu hii kila mara, tafadhali.

Springi ngumu zaidi inahitaji bomba fupi. Kwa mzigo wa kilo 60 mbele, zile za 0.56 zikiwa mbili zinabonyea milimita 54. Kubaki na kushuka kwa 34 unazibana 20 wakati wa kufunga. Zile za 0.70 zinabonyea 43, kwa hiyo zibane 9 tu. Ukihamisha bomba la zamani bila kupima, mbele itakaa juu na shokapu itakuwa inagonga ikinyooka.

Kukata springi kunaongeza ugumu kweli, kutoka mizunguko 50 hadi 45 ni asilimia 11. Sikatai kabisa. Ninachokataa ni kuikata kwa moto wa gesi, maana unaua ukali wa chuma.

Oili nzito si dawa ya springi laini. Oili inapunguza kasi, haibebi uzito. Kwenye barabara ya vumbi iliyojikunja kama bati, oili nzito inachelewesha shokapu kurudi. Inazidi kushuka tuta baada ya tuta mpaka inakuwa ngumu kama imefungwa. Weka ya namba iliyoandikwa kwenye kitabu, na usawa wake upime springi ikiwa nje na shokapu imebanwa chini yote, pande zote mbili sawa.

Kwa wale wa bodaboda wanaobeba magunia ya mahindi au alizeti: mzigo ukikaa nyuma ya ekseli ya nyuma, unapunguza uzito wa mbele. Usikimbilie springi ngumu za mbele kwa sababu ya gunia. Rekebisha za nyuma kwanza, kisha rudi na uzi wa mpira upime mbele upya.