Skripti imeshapita: mafaili iliyoyaacha yako wapi?

Unajua ule mstari wa `curl … | sudo bash`, unaopakua skripti ya usakinishaji na kuiendesha papo hapo kwa mamlaka ya msimamizi wa Linux. Unaunakili, unaubandika kwenye terminali, unabonyeza Enter, na dakika mbili baadaye programu inafanya kazi. Shida huanza siku unapotaka kuiondoa.

Dhana: "apt itaiondoa tu."

apt (ya Debian na Ubuntu) na dnf (ya Fedora) ni wasimamizi wa vifurushi, na huondoa kile walichokiandikisha wenyewe. Daftari la dpkg, chombo ambacho apt hukitumia kusakinisha, liko `/var/lib/dpkg/info`, na humo kila kifurushi kina orodha ya mafaili yake. Skripti iliyonakili faili kwa `cp` haikupita kwa karani huyo, kwa hiyo haimo daftarini. Hakikisha kwa `dpkg -S /usr/local/bin/jina`. Kama hakuna kifurushi kinachomiliki njia hiyo, dpkg itakuambia waziwazi. Kwenye Fedora amri ni `rpm -qf`.

Haki isemwe, zipo skripti zenye ustaarabu. Ile ya Docker (programu ya kuendesha kontena) ya get.docker.com, ukiiendesha kwenye Debian au Ubuntu, huongeza hazina (mahali apt inapopakua vifurushi) na ufunguo wake, kisha humwachia apt kazi ya kusakinisha. Programu utaiondoa kwa apt bila tabu. Faili la hazina lililo ndani ya `/etc/apt/sources.list.d` na ule ufunguo vitabaki, maana daftarini havina mwenyewe.

Dhana: "Angalia `/opt` na `/usr/local`, yote yamo humo."

Hapo ndipo yanapotakiwa kukaa. Lakini huduma ya systemd (programu inayowasha na kusimamia huduma za mfumo) huandikwa `/etc/systemd/system`, mtumiaji mpya huingia `/etc/passwd`, na skripti isiyotumia sudo hujaza folda yako ya nyumbani. Mfano ni rustup, kisakinishi cha lugha ya Rust: huweka vitu vyake `~/.cargo` na `~/.rustup`, halafu huongeza mstari kwenye `~/.profile`. Angalau yenyewe ina `rustup self uninstall`. Nyingi hazina.

Dhana: "`find -newer` itanionyesha kila kilichoongezwa."

Hii ilinila jioni nzima. Nilikuwa nimejipanga vizuri: `touch ~/alama` kwanza, kisha kisakinishi, kisha `find` itafute kila kilicho kipya kuliko alama. Ikaja orodha fupi ya logi na viungo viwili vitatu. Programu yenyewe, ambayo niliiona kwa macho ikifanya kazi, haikuwemo.

Kumbe `-newer` hutazama tarehe ya kubadilishwa kwa maudhui, na kisakinishi kilifungua kifurushi cha tar (mafaili mengi yaliyofungwa pamoja), na tar hulirudishia faili tarehe yake ya zamani, ya siku lilipotengenezwa na mwenyewe. Faili limetua kwenye diski leo, lakini linadai umri wa mwaka juzi. Lichungulie kwa `stat` utaona: mstari wa Modify unasema mwaka juzi, mstari wa Change unasema leo. Huo wa pili, yaani ctime, huandikwa na keneli (kiini cha mfumo) kila maudhui au sifa za faili zinapoguswa, na wala tar wala `touch` haina uwezo wa kuurudisha nyuma. Kwa hiyo:

`sudo find / -xdev -cnewer ~/alama ! -type d`

Herufi moja tu, c, na mafaili yote yakajitokeza. Ila angalia `-xdev`: inaizuia `find` isitoke kwenye mfumo mmoja wa mafaili, kwa hiyo kama `/home` iko kwenye kizigeu chake (sehemu ya diski iliyotengwa), irudie amri huko. Kelele za `/var/log` utazivumilia. Na faili lililofutwa halitaonekana, wala hutaambiwa ni mstari gani umeongezwa kwenye `.bashrc`. Kwa hilo nakili `/etc` na mafaili yako ya nukta (yale ya mipangilio yanayoanza na nukta, kama `.bashrc`) kabla ya kuanza, ulinganishe kwa `diff -r` baadaye.

Dhana: "Kuna `make uninstall`."

Hii ni kwa programu unayoijenga mwenyewe kutoka msimbo wake; ipo kama mwandishi aliiweka. CMake, chombo cha kuandaa ujenzi wa programu, haiitengenezi yenyewe, ila huacha `install_manifest.txt` kwenye folda ya ujenzi. Usiifute folda hiyo kwa haraka. Miradi mingi pia hukubali `make DESTDIR=/tmp/jaribio install`, ukaona mafaili yatakaa wapi kabla hayajagusa mfumo.

Dhana: "Nimeisoma skripti, inatosha."

Isome, lakini mara nyingi kazi yake ni kupakua kitu kingine na kukiendesha, na hicho hukukisoma. `strace -f -e trace=%file -o orodha.txt bash skripti.sh` hurekodi kila njia inayoguswa, hata na michakato ya ndani. Kama skripti inaita sudo, anza na `sudo strace`, la sivyo sudo ya ndani itagoma.

Njia ninayoipenda zaidi ni kontena, yaani mazingira yaliyotengwa na mfumo wako. Anzisha Debian tupu kwa podman, programu ya kuendesha kontena, endesha skripti humo, kisha nje andika `podman diff jina-la-kontena`: A ni kilichoongezwa, C kilichobadilishwa, D kilichofutwa. Tatizo ni kwamba kontena la kawaida halina systemd inayofanya kazi, hivyo skripti inaweza kuruka hatua ya kusajili huduma. Sehemu hiyo itafute mwenyewe kwa `grep systemctl skripti.sh`.