Sola juu ya paa sio cheti: tunavyokosea kupima nyumba rafiki kwa mazingira

Mtu akiona paneli za sola juu ya paa anasema hapohapo hii nyumba ni rafiki kwa mazingira, tathmini imeisha. Hapana jamani. Paneli zinakwambia umeme unatoka wapi tu, hazikwambii nyumba inakula umeme na maji kiasi gani wala imejengwa kwa vifaa gani.

Halafu kuna hii ya kuangalia bili peke yake, na hii ndo inanikera zaidi. Saruji peke yake inachangia kama asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa inayozalishwa na binadamu duniani, na ile ya nyumba yako ilishatoka kiwandani kabla hujapewa ufunguo, hakuna bili utakayoiona. Ndio maana kiwango cha Ulaya cha EN 15978 kinahesabu maisha yote ya jengo, kuanzia kutengeneza vifaa, kusafirisha, kujenga, kuishi, kukarabati mpaka kubomoa. Sasa mtu anabomoa nyumba yenye msingi na kuta nzima kabisa ili ajenge mpya ya "kijani", wakati pengine kuziba nyufa na kubadilisha madirisha kungetosha!

"Si ina cheti?" Cheti ni kitu kizuri, BREEAM ya Uingereza ipo tangu 1990, na EDGE ya IFC (shirika la Kundi la Benki ya Dunia) inataka angalau asilimia 20 ya akiba kwenye nishati, maji na vifaa vya ujenzi, ila sehemu kubwa ya hayo ni mahesabu ya kwenye michoro na watu wakishahamia matumizi halisi mara nyingi yanazidi. Kwa hiyo dai vipimo. Kwa mfano kupima hewa inayovuja, wanafunga feni kubwa mlangoni, wanaziba pembeni, wanaweka tofauti ya presha ya paskali 50, hapo ukipitisha mkono kwenye fremu za madirisha na soketi unausikia upepo kabisa. Kiwango cha Passivhaus, cha nyumba zinazotumia nishati kidogo sana, kinataka kwenye presha hiyo hewa yote ya ndani isibadilike zaidi ya mara 0.6 kwa saa.

Kwamba ni mambo ya matajiri? Kivuli na mwelekeo mzuri wa madirisha ukivipanga mapema kwenye ramani haviongezi gharama kubwa.

Na ukiletewa matokeo ya matumizi ya nishati kwa kila mita ya mraba, uliza wanaishi wangapi, maana jumba la watu wawili linaweza kuonekana safi kwa kila mita huku kila mmoja wao anatumia kuliko familia nzima ya jirani.