Nauru haikufilisishwa na anasa pekee
Wengi husema watu wa Nauru, nchi ya kisiwa katika Bahari ya Pasifiki, walitajirika kwa fosfati, madini ya kutengenezea mbolea, wakatapanya pesa, wakafilisika kwa uzembe wao. Hapo nusu ya habari imeachwa, na kuiacha ni kuwaonea. Kwa miongo mingi kabla ya uhuru wa 1968, Australia, Uingereza na New Zealand zilichota fosfati hiyo kwa bei ya chini ili kurutubisha mashamba ya wakulima wao. Kisiwa chenyewe kina kilomita za mraba 21 tu. Palipochimbwa pamebaki nguzo za mawe, hapalimiki. Mwaka 1989 Nauru iliishtaki Australia kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, na 1993 Australia ikakubali kulipa fidia ya dola zake milioni 107. Ubadhirifu wa viongozi ulikuwapo kweli, tena mkubwa, ila uliikuta ardhi imeshaanza kuliwa.